Chupa Iliyongoja

Ulimi wangu si ulimi wa mvinyo. Ni ulimi wa kahawa. Tangu mwaka 1984 hadi nilipostaafu mwaka 2020, riziki yangu niliipata mjini Moshi kwa kuonja kahawa ambayo sikuimeza. Vikombe vilipangwa mbele yangu safu baada ya safu, kila kimoja kikiwa na unga wa buni zilizokaangwa kwa wepesi, ukamwagiwa maji ya moto. Zikipita dakika nne hivi, huuvunja kwa kijiko ule utando unaoelea juu, nikainamisha pua, kisha nikafyonza kwa kishindo ambacho marehemu mama asingekivumilia mezani kwake. Nikauzungusha mfyonzo ule kinywani, nikatema, nikaandika: uchachu, uzito, harufu, ladha inayosalia. Kisha kikombe kinachofuata.

Kazi hiyo ilinifunza mapema kwamba kahawa haingoji. Buni iliyolala ghalani hadi msimu mwingine hupoteza uchangamfu wake. Ukiionja unasikia gunia na mbao, na mnunuzi mwenye ulimi hahitaji kuambiwa umri wake. Na si kahawa peke yake. Kwetu mlimani karibu kila kitu chenye tunu ni kitu cha wakati wake: mkungu ukatwe siku yake, maziwa yanywewe, mbege imalizwe siku ilipoiva. Nilikua nikiamini kwamba Mchaga hana alichokificha ili kizeeke, isipokuwa labda maneno.

Mwaka 2024 nilikwenda Unguja kumtembelea binti yangu, ambaye ameajiriwa katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Jioni moja tukiwa barazani, mzee mmoja mpenzi wa mashairi, aliyekwisha kunisikia nikijisifu kwa habari za mlima, aliniuliza swali kwa upole wa watu wa pwani. Alisema: "Sisi tuna vitu vya namna mbili. Kikuba cha asumini hufa kabla ya alfajiri, na hatukilaumu. Kipande cha udi hukaa sandukuni miaka, na siku kikichomwa hunukia kana kwamba kililetwa jana. Ninyi wenzetu mna asumini zenu, nimesikia. Udi wenu ni upi?" Nilicheka, nikamjibu kwamba hatuna. Usiku ule sikupata usingizi mwema, maana nilikuwa nimemdanganya mtu mzima. Tulikuwa nacho kitu kimoja tulichokiweka. Kilikuwa chupa ya mvinyo wa Kitaliano, na ubavuni pake tuliweka kosa.

Najua, ndugu msomaji, kwamba wengi wanaozifungua kurasa hizi hawanywi, na imani yao imewakataza. Siandiki kumshawishi mtu. Washairi wa Kiarabu, akina Abu Nuwas, waliutungia mvinyo mlango mzima wa ushairi, na walioukariri baadaye hawakuwa wote walevi. Na neno lenyewe, mvinyo, ni la pwani kabla halijawa la bara: tulilirithi kutoka kwa Wareno, waliokuja na majahazi yao na mizinga yao, wakaondoka, neno likabaki. Mimi naandika habari za kungoja. Kwetu kungoja kulitiwa chupani, ndiyo sababu sina budi kuitaja chupa.

Mwaka 1995 alikuja Moshi mnunuzi mmoja wa kahawa kutoka Torino. Alikuwa mtu wa makamo, mnyamavu, mwenye kuvaa koti hata katika joto la Februari, wakati ambapo mjini hata mbwa hutafuta mfereji wa kulala. Jumapili moja aliniomba nimpandishe mlimani aone inakotoka kahawa aliyokuwa akiinunua. Nikampeleka kwetu Kilema, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19, na ambako baba yangu alikuwa na kihamba alichoachiwa na baba yake. Kihamba ni shamba la ukoo: migomba juu, kahawa kivulini mwake, magimbi na maharage chini, na mfongo, yaani mfereji wa wazee, ukishusha maji ya mlima kwa zamu kutoka nyumba hadi nyumba. Humo tunazaliwa na humo tunazikwa.

Baba alimkaribisha mgeni kwa mbege. Yule bwana hakuinywa kama wageni wanavyoinywa, kwa adabu na kwa hofu. Aliinusa kwanza, akafyonza, akafumba macho. Nilimtambua hapo hapo kuwa ni mtu wa kazi yangu. Kisha akatueleza kwamba mkoa wake huitwa Piemonte, na maana ya jina hilo kwa lugha yao ni chini ya mlima. "Basi ni jirani," alisema baba, nilipomfasiria. Kabla hajarudi kwao mgeni alinikabidhi chupa moja nimpelekee mzee. Ilikuwa Barolo ya mavuno ya mwaka 1990, na pamoja nayo aliniachia maagizo: isinywewe sasa, kwa kuwa bado imefunga mdomo, ilazwe ubavu, gizani, mahali penye baridi isiyobadilika, pasipo mtikisiko, ingojewe miaka kumi, na mwenye subira aingoje ishirini. Baba aliyasikiliza maagizo yote mpaka mwisho, akaniuliza kwa Kichaga: "Huyu kanipa zawadi, au kanipa mtoto wa kulea?"

Mahali pa kuilea palikuwapo. Nyuma ya nyumba yetu kuna mdomo wa handaki, mabaki ya yale mahandaki ambayo mababu walichimba katika karne ya 19 ili kujificha, wao na ng'ombe wao, wakati mangi mmoja alipompiga mangi mwingine, au Wamaasai walipopanda kutoka nyikani. Huko Marangu wageni huonyeshwa mahandaki kama hayo hadi leo. Letu limeporomoka, zimebaki hatua kama kumi, na baada ya hapo ni udongo mtupu. Baba aliizungushia chupa majani makavu ya mgomba, akailaza kwenye kishubaka cha mwisho, akaziba kwa jiwe. Akasimama kidogo, kisha akasema neno ambalo sikuliomba: "Hii nitainywa na mdogo wangu, mambo yatakapoiva."

Hapa sina budi kusema kidogo jinsi mvinyo wa namna ile unavyozeeka, maana baadaye nilisoma kwa udadisi wa mwonjaji, na niliyoyasoma yalinikaa. Barolo hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, ziitwazo Nebbiolo. Wengi husema jina hilo linatokana na neno lao la ukungu, ukungu ambao hutanda vilimani kwao majira ya mavuno. Sheria yao haiuruhusu utoke kabla ya miezi 38, na kati ya hiyo 18 iwe ndani ya mapipa ya mti. Hata ukitoka, huwa bado ni mkali. Aliyewahi kula bibo la mkorosho anajua ukakasi ni nini: kinywa hukunjamana, ulimi ukawa kama umevikwa nguo. Mvinyo mchanga wa Barolo ndivyo ulivyo. Ukakasi huo hutoka katika maganda na mbegu za zabibu. Miaka inavyopita, chembe zake hushikamana, huwa nzito, nyingine huzama zikawa mashapo. Rangi nayo huzama pamoja nazo, ndiyo maana mvinyo mkongwe hupauka badala ya kukolea. Na kizibo, kilichokatwa kwenye gome la mti, sharti kilowe daima. Kikikauka hupwaya, hewa ikaingia, na kilicholelewa kama mvinyo kikafa kama siki.

Tanzania nayo ina mvinyo wake. Wamisionari wa Kitaliano walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, katika miaka ya 1950, na nchi ile kavu leo huvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini mvinyo wa Dodoma niliokuwa nikiujua mimi, wa altareni na wa arusini, haukuwa wa kufichwa. Ulinunuliwa Ijumaa, Jumapili chupa ikawa tupu.

Mbege haina habari hizo kabisa. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikatiwa maji na kuchujwa. Ulezi huoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji pamoja na gome la msesewa, ambalo ndilo lenye uchungu unaouzuia utamu usizidi. Viwili hivyo huchanganywa jioni, na kesho yake mbege ni tayari. Siku hiyo ina mwili na ina utamu. Kesho kutwa imekuwa chachu, na mtondo ni ya kumwagia migomba. Wagema wa pwani wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa na mtu wa bara, maana tembo la asubuhi si tembo la jioni. Kwa hiyo mbege haiwezi kunywewa na mtu mmoja aliyeinunia dunia. Anayeipika hana budi kuwaita watu, na kuwaita siku ile ile. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ajulikane kwamba hakutia kitu; kisha kata huzunguka kwa kufuata umri. Usipopokea kata ya mtu, umekwisha kumwambia yote.

Baba yangu mdogo hakupokea kata ya baba yangu kwa miaka ishirini na miwili.

Mipaka ya vihamba kwetu haiwekwi kwa seng'enge. Huwekwa kwa masale, mmea mwembamba wenye majani marefu ya kijani ambao mgeni atadhani ni pambo. Isale husimama mpakani, husimama makaburini, na ndilo huombea radhi: aliyekosa hulifunga jani lake fundo, akalipeleka kwa aliyekosewa, na aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa msamaha. Mmea mmoja, kazi tatu. Kuung'oa usiku ni kuvivunja vitu vitatu kwa jembe moja.

Masika ya mwaka 1987 tuliung'oa. Baba alikuwa na hoja zake, na sitazirudia hapa, kwa kuwa zilikuwa hoja nzuri. Babu alikuwa amegawa kihamba kwa mdomo, na mdomo wa marehemu kila mwana huusikia kivyake. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye mshahara wa mjini na mabega mazuri. Tulitoka mvua ikinyesha, kwa sababu mvua hufuta udongo mbichi na isale halichagui: ukilichomeka ardhini wakati wa masika linashika. Baba alishika taa. Aliyelima ni mimi, na aliyepima ni mimi, hatua tatu kuelekea kwa baba mdogo, safu nzima. Ndani ya hatua hizo tatu mlikuwa na mibuni kumi na mmoja.

Asubuhi baba mdogo alitoka, akasimama mbele ya masale muda wa kuvuta sigara moja, akarudi ndani. Hakupiga kelele. Hakwenda kwa wazee wa ukoo wala kwenye baraza la kata. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa kelele. Kwa ukimya hatukuwa na maandalizi yoyote. Tangu siku hiyo alitusalimu njiani, alikuja tukifiwa, aliozesha na sisi tukaenda; lakini kata ya nyumba yetu ilipomfikia aliipitisha kwa jirani yake bila ya kuigusa kwa midomo.

Mibuni ile kumi na mmoja ilitulipa nini? Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kahawa duniani ulivunjika, bei ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikashuka tena hata majirani wakang'oa kahawa wakapanda nyanya. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiipa kahawa ya Kilema alama nzuri mezani, nilijua mkulima anapata kiasi gani. Miti tuliyoiiba haikurudisha hata gharama ya dawa ya kunyunyizia. Baba hakuing'oa. Aliipogoa kila mwaka, kwa uangalifu kuliko mingine, na hakuisemea neno.

Aliisemea chupa. Kila Krismasi, tunaporudi nyumbani kutoka mijini kama ilivyo desturi ya Wachaga, alikuwa akiniuliza kama imefika umri. Mwaka 2000 nilimwambia miaka kumi ya mgeni imetimia tukihesabu tangu mavuno. Akasema mgeni alitaja pia ishirini. Mwaka 2005 nilimwambia tungeweza kujaribu. Akasema tusiwe na pupa. Nilimwelewa, naye alijua kwamba nimemwelewa. Alikuwa amejipatia kitu ambacho kuchelewa kwake ni sifa, na alijificha nyuma yake. Subira huvuta heri, walisema wazee, na baba alipenda sana kuutaja usemi huo. Lakini subira ya aliyekosewa na subira ya aliyekosa zina jina moja tu, hazina undugu.

Mwaka 2009 aliugua. Siku mbili kabla hajafariki, nikiwa nimekaa kitandani pake, aliniuliza: "Ile ipo?" Nikamwambia ipo. Akafikiri kidogo. Akasema: "Bado kidogo." Hayo hayakuwa maneno yake ya mwisho, lakini ndiyo ya mwisho niliyoyaelewa.

Tulimzika kihambani. Baba mdogo alikuja, akatupa udongo, akakaa matangani siku zote kama inavyompasa ndugu, akala alichopewa. Kata ilipomfikia aliipitisha.

Ingekuwa rahisi kwangu kuuacha mkasa huu kwa marehemu, naye hayupo wa kujitetea. Ukweli ni kwamba baada ya baba kufa nilingoja mimi miaka kumi na minne. Nilisema nangoja watoto wamalize shule. Nilisema nangoja nistaafu, nipate nafasi ya kukaa mlimani. Nilipostaafu nikasema nangoja korona ipite. Kila nilipokwenda handakini na tochi niliiona chupa imelala pale pale, shwari, na utulivu wake ulinipa moyo, kana kwamba kuna mtu anayeifanya kazi yangu kwa niaba yangu. Nikigeuka kutoka nje ya handaki, siku isiyo na mawingu, humwona Kibo juu ya migomba. Yeye naye tulidhani hana haraka. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako juu yake mwaka 1912 imekwisha.

Desemba 2023 binti yangu alikuja kutoka Unguja. Hotelini alikuwa amefunzwa namna ya kuwahudumia wageni wanywao mvinyo, akazishika elimu zake vizuri. Nilimwonyesha chupa kwa fahari. Aliitoa, akainyanyua kwenye mwanga, akaona mvinyo umeshuka shingoni mpaka begani. "Baba," alisema, "hata Barolo hufa. Mvinyo hupanda mlima wake, ukakaa kileleni, kisha ukashuka. Huu umeanza kushuka." Nikamwuliza umebakiwa na muda gani. Akajibu hajui, na hakuna ajuaye pasipo kufungua. Baba mdogo alikuwa na miaka themanini na sita mwaka ule, na miguu ilikwisha kumwacha.

Tarehe 24 binti yangu aliisimamisha chupa wima, ili mashapo yatue chini. Tarehe 26, mapema, nilikata jani la isale kwenye safu ile ile, nikalifunga fundo. Mama mmoja jirani alikuwa amepika mbege iliyoiva siku hiyo, nikachukua ndoo. Tukavuka mpaka, mimi, binti yangu, ndoo, jani na chupa.

Tulimkuta barazani kwake, amejifunika blanketi, anaota jua. Nilipiga magoti, jambo ambalo magoti yangu hayalipendi tena, nikamwekea jani mapajani. Nilikuwa nimetunga hotuba; yote ilinipotea. Nikasema: "Baba mdogo, zile hatua tatu ni zetu, mimi na marehemu. Jembe nilishika mimi."

Aliliangalia jani kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Nne."

Sikumfahamu.

"Zilikuwa nne," akasema. "Nilizipima asubuhi ile. Wewe ulikuwa na miguu mirefu."

Nikamwuliza kwa nini hakusema, kwa nini hakwenda kwa wazee. Alijibu bila ya hasira, kama mtu anayeeleza njia: "Nilijua ni kaka yangu, si mwizi. Mwizi unamshitaki. Kaka unamngoja. Asubuhi ile nilidhani atakuja kabla ya jioni."

Nilionja mbege mbele yake, kama inavyompasa mwenye pombe, nikampa kata. Aliipokea kwa mikono miwili, akanywa, akaipitisha kwa binti yangu. Ni jambo dogo kuliandika. Mimi nilikuwa nimelingoja tangu utu uzima wangu ulipoanza.

Kisha tukaifungua chupa. Kizibo kilikatika nusu. Nusu ya pili binti aliitoa kwa kizibuo polepole, kwa kuibembeleza. Aliumimina mvinyo huku tochi ikimulika chini ya shingo ya chupa, mpaka alipoona uzi mweusi wa mashapo unakaribia, akaacha. Rangi haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa rangi ya tofali, na pembeni mwa bilauri ilikuwa kama chai ya rangi. Harufu ya kwanza ilikuwa ya handaki lenyewe, udongo wenye unyevu na uyoga, nikaogopa kwamba tumechelewa. Baada ya dakika chache harufu ile ilipisha, yakaja mawaridi makavu, tumbaku, ngozi, na kwa mbali lami ya barabara baada ya mvua. Kwa mazoea ya miaka thelathini na sita nilifyonza kwa kishindo, na kwa mazoea hayo hayo nilitaka kutema. Nikameza. Ule ukakasi niliousoma vitabuni ulikuwa umekwisha wote. Kilichobaki kilikuwa uchachu mwembamba, safi, na utamu usio wa sukari, uliokaa ulimini kwa muda mrefu baada ya mvinyo kupita.

Baba mdogo alikataa bilauri. Akautia wake kwenye kata. "Unanuka handakini kwenu," alisema, kisha akanywa, akatulia. "Hauna nguvu. Lakini ni laini." Akanywa tena. "Kaka angeupenda. Alipenda vitu laini, japo alijifanya."

Tulikunywa bila ya haraka, na hapo nikajifunza jambo ambalo vitabu havikunionya vya kutosha. Mvinyo mkongwe ukifunguliwa hauna tena miaka, una saa. Mawaridi yalidumu labda nusu saa. Kabla jua halijafika juu ya migomba, kilichobaki kwenye bilauri yangu kilikuwa kimechoka, kichachu, kama mbege ya juzi. Miaka thelathini na mitatu tangu mavuno, ishirini na minane chini ya ardhi kwetu, na mwisho wake ulikuwa ni ule ule wa kinywaji cha nyumbani: ulikuwa na siku yake, na siku hiyo ilihitaji watu. Fungu la marehemu tulimmimina kaburini, na mashapo juu yake.

Januari 2024, mbele ya wazee wa ukoo, nilirudisha masale mahali pake. Mara hii alipima baba mdogo, kwa kuelekeza fimbo akiwa kitini, na nililima alipoonyesha. Mibuni kumi na mmoja imerudi kwake. Iliyosalia hai ni saba, na alicheka nilipomwomba radhi kwa minne iliyokufa. Alisema hana haja ya kahawa, daktari amemkataza.

Sikumwandikia bado yule mzee wa Unguja aliyeniuliza kuhusu udi wetu. Kurasa hizi ndizo jibu langu kwake, na ninamwomba radhi kwa kuchelewa nalo. Tuliweka kitu, na kilizeeka vizuri. Sisi tulioketi juu yake tukidhani tunazeeka pamoja nacho hatukufanya kazi yoyote.

Chupa tupu baba mdogo aliiomba, akaitia asali, imesimama dirishani kwake. Siku ambazo nyumba yao imepika mbege hunipigia simu asubuhi na mapema, nikiwa bado mjini, hata chai sijanywa. "Imeiva," husema. Haongezi neno, hukata simu kuokoa salio. Nami hupanda mlima siku hiyo hiyo.